Shemeji Achukue Kompyuta, Kitabu Hakiguswi

Mama Adela, mke wangu mpendwa,

Barua hii nimeibandika nje ya kibanda changu hapa sokoni Sumbawanga, kila apitaye aisome, maana yanayosemwa juu yetu yanasemwa hadharani pia. Wanasema marehemu alimwachia mtu wa darasa la saba kitabu cha kompyuta. Kweli. Tena hilo la saba lenyewe nililimaliza mguu mmoja darasani, mwingine kwenye lori. Lakini nani kati yao amelala Lusaka, amekula ugali Lubumbashi, akatukanwa kwa lugha sita na akajibu kwa saba? Ni mimi, mumeo.

Unakumbuka ulivyokuja na ile mashine? Soko huria lilikuwa limefungua kila mlango, kompyuta za mtumba zimeanza kuingia, nami nimeacha lori na kufungua kibanda cha kuchapa kadi za harusi. Ukaitua mezani, ukafuta jasho.

"Humu nitaandika kitabu," ukasema. "Kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wajifunze kutengeneza programu za mfumo endeshi."

Nikauliza mfumo endeshi ni mdudu gani. Ukafikiri kidogo.

"Ni utingo, Baba Adela. Programu nyingine zote ni mizigo. Yeye ndiye anayesema huyu akae wapi, yule ashuke lini, mwingine asubiri. Utingo akilala, lori halitoki."

Mke wangu, walimu wangu wote wangesema hivyo, leo ningekuwa profesa.

Basi tukagawana kazi: wewe ukaandika, mimi nikapanga. Maana kichwa chako kilijaa elimu, lakini kurasa zako, Mungu anisamehe, zilikuwa kama nyumba ya mtu anayehama. Sura hii kichwa chake kikubwa kama bango, sura ile kichwa hakionekani. Mifano ya programu umeiandika kwa herufi zilezile za maelezo, mwanafunzi hajui kipi asome na kipi achape. Nikakwambia, "Hapa mtu atatafuna sufuria akidhani ni ugali." Ukanirushia kitambaa cha vumbi. Ila kesho yake ukakubali: maelezo herufi za kawaida, mifano herufi za taipureta. Wazo hilo lilikuwa langu, na watu wa sokoni wajue.

Sikatai, nawe ulinirekebisha. Ile sura ya kumbukumbu ya kompyuta niliizungushia maua ya waridi, yale ya kadi.

"Huu ni mwaliko wa komunio?" ukauliza.

"Nimeipendezesha."

"Toa maua, Baba Adela."

Nikatoa, roho ikiniuma.

Halafu ikaja ile siku ya mistari. Nilikuta mifano yako ya programu imepanda na kushuka: mstari huu umeanzia pembeni, unaofuata umeingia ndani, wa tatu umeingia zaidi. Nikasema huyu mama alikuwa na usingizi. Nikaisogeza yote kwenye ukingo wa kushoto, ikanyooka kama gwaride. Nikakuita uje unisifu. Ulishika kichwa.

"Umesawazisha shamba kabla ya maharage kuvunwa!"

Hapo nikaelewa papo hapo, kwa sababu mimi ni Mfipa, nimelima ntumba. Unafukia nyasi, unainua tuta, juu unapanda maharage. Tuta linakwambia chini yake kuna kitu kinaoza kwa faida yako. Ukilivunja mapema umeharibu. Ukanionyesha: mstari ulioingia ndani uko chini ya mamlaka ya ule wa juu yake.

"Kwani kompyuta itagoma?" nikauliza.

"Kompyuta haijali, hata ukiandika yote mstari mmoja. Anayepotea ni mtu."

Tukairudisha pamoja, nafasi kwa nafasi, wewe unataja, mimi nabonyeza. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu tukuzike kwenu Mpui.

Siku ya kuanua tanga, kama ilivyo desturi, ukoo wenu ulikaa kugawana vitu vyako. Mdogo wako Deo akasimama wa kwanza.

"Shemeji, ile kompyuta ni ya dada yetu. Itakuja kwangu Kasesya, nina ofisi pale mpakani, mizigo ya watu naiandika kwa mkono."

"Kitabu hakijaisha, shemeji."

"Wewe na kitabu cha kompyuta! Si hata barua ya kuomba kiwanja uliandikiwa?"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli. Kisha nikasimama.

"Kabati chukueni. Makochi chukueni. Kitanda chukueni, nitalala juu ya turubai, nimezoea. Kompyuta haivuki mlango mpaka ukurasa wa mwisho upangwe. Anayetaka kuibeba anibebe na mimi, na mimi ni mzito."

"Si unapanga mistari tu!" Deo akasema. "Hiyo nayo ni kazi?"

"Shemeji, hata kaburi la dada yako tulilipanga kwa mistari. Mbona hukuuliza kama ni kazi?"

Wazee wakanipa muda mpaka ulezi uvunwe.

Nikafanya kazi, Mama Adela. Vichwa vyote vikawa na kimo kimoja. Mifano yote ikapanda na kushuka inavyotakiwa. Hakuna ua hata moja. Wanafunzi wako walipita jioni, nami nikawafanyisha kazi: wasome kwa sauti huku kidole kikifuata mstari. Kidole kikisita, sikuwauliza kitu, nilijua hapo nimebana sana au nimeachanisha vibaya. Wakiondoka narekebisha. Watu wakapita wakisema mjane amerukwa na akili, anaongea na mashine. Nikawajibu mashine hii ina adabu kuliko wao.

Ulezi ulipovunwa, Deo akaja na pikapu. Alikuta nimeshachapa nakala zote na kuzibana. Akafunua moja, akaenda moja kwa moja sura ya mwisho, ile uliyoianza ukiwa umeshalazwa. Kuna kichwa, kuna sentensi moja: "Programu mbili zikisubiriana, kila moja imeshikilia kile anachokihitaji mwenzake, basi". Baada ya hapo ni weupe mtupu.

"Basi nini?" Deo akauliza.

"Hakuandika."

"Futa hii sura. Watu watasema dada yetu hakumaliza kazi."

"Sifuti. Kweli hakumaliza, alikufa! Angalia: pambizo nimeweka, nafasi ya mfano nimeacha, namba za kurasa zipo. Watakuja kujaza waliofundishwa na yeye. Wakikosea, watakosea kwa Kiswahili."

Deo alikaa chini na ile nakala muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona amekaa popote. Mimi nikaenda kuchomoa nyaya. Nikaifunga kompyuta kwenye blanketi letu lile la kijani, njia ya Kasesya ina mashimo, nikaibeba mwenyewe hadi kwenye pikapu. Hajanipokonya mtu. Nimetoa kwa mikono yangu. Kadi za harusi nitachapa kwa taipureta, wanaooana na waoane hivyo hivyo.

"Shemeji," akasema akiwasha gari, "nipe na mimi nakala moja."

"Utaelewa?"

"Kwani wewe umeelewa?"

Tukacheka, akaondoka nayo.

Darasa lako limeanza upya, mwalimu mpya, kitabu chako mezani kwa kila mwanafunzi. Anayesema hakifai kwa sababu kimepangwa na mimi, namkaribisha aje. Atanikuta humo humo darasani, dawati la nyuma, magoti yanagonga meza, nywele zina mvi, wenzangu wananiita babu. Nataka kujua baada ya hiyo "basi" kinafuata nini.

Lala salama, mama. Huku hatusalimu amri.

Mumeo,
Baba Adela