Kuhusu Ule Mkanda Ulioufungua

Chumba namba 6,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani? Bega linaendeleaje, bado linakusumbua wakati wa baridi? Mimi mwili ni mzima. Moyo tuuache kwanza. Tangu utoke hospitali ni miezi minane hujaniandikia, na nikipiga simu unakata.

Huku kazi ni ile ile, kubuni helikopta zisizopinduka ovyo. Hii mpya tumeipanua miguu, na ikianza kulalia upande kengele inalia ili rubani aishushe upesi. Laiti helikopta uliyokuwa ukirusha ingekuwa nayo siku ile mguu wake uliponasa topeni ikapinduka nawe! Basi tena.

Lakini nyingine zitapinduka tu, ndiyo maana tunahangaika na viti na mikanda. Yule sanamu tunayemfunga kitini kwa majaribio nimempa kimo chako na uzito wako. Mafundi wanamwita Dada. Mchana wenzangu wakienda kula mimi hubaki naye, natafuna mkate wangu huku nikimsimulia habari za nyumbani. Cheka tu! Angalau yeye hanikatii simu.

Sasa kilichonifanya niandike. Ijumaa nilitaka kujaribu mwenyewe. Wakanifunga kitini, wakakigeuza kibanda cha rubani, nikaning'inia kichwa chini miguu juu. Mdogo wangu, damu ilinijaa usoni nikasahau hata jina langu. Sheria naijua, niliiandika mimi: mkono mmoja usukume dari kwanza, ndipo wa pili ufungue mkanda. Unajua mikono yangu ilikwenda wapi? Yote miwili moja kwa moja kwenye kifungo. Nikaangukia bega, puu! Bahati yangu kulikuwa na godoro. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu nikaanguka.

Na ni mimi niliyesimama kando ya kitanda chako, una plasta hadi shingoni, nikakuuliza, "Ulifungua mkanda kwa akili gani?" Ukageukia ukutani. Nisamehe. Halikuwa kosa lako hata kidogo. Kesho tunaanza kuchora mkanda utakaomshusha mtu taratibu badala ya kumwachia.

Nisalimie Mama na shemeji, na mpwa wangu mwambie mjomba anamkumbuka sana.

Mungu akuponye wewe bega, na mimi aniponye ulimi.

Ni mimi nikupendaye,
Kaka yako, mwenye bega lililovimba.