Mgeni Aliyepewa Kichwa

Kok-Sai, nyumbani kwa Mzee Sagyn
Mwezi wa saba

Kwa kaka yangu mpendwa Taalai,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko juu malishoni, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba farasi na kondoo nao ni salama. Je, nyasi za mwaka huu zimeota vizuri? Yule farasi jike mwekundu ameshazaa, au bado anawasumbua? Mimi mwili wangu ni mzima, ila jua limenibabua pua mpaka inachunika kama kiazi cha kuchemsha, na magoti yanalalamika kila nikiinuka. Roho ndiyo iliyochafuka.

Huko uliko simu haishiki, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa gari la maziwa anayepanda huko kwenu. Isome kwanza peke yako. Ukimaliza, wasomee wengine yale utakayoona yanafaa.

Kaka, wewe mwenyewe ulitufungia mizigo kwenye baiskeli siku tulipoondoka Naryn, ukazikagua breki na minyororo, ukamwambia Argen kwamba barabara ya Kazarman ina vumbi na mawe lakini ina watu wema. Ulisema kweli. Siku za mwanzo nilifurahi, sitaki kudanganya. Tulipanda milima asubuhi, tukashuka mchana, na jioni tukasimika hema kando ya mto. Katika kila mji mdogo wanaume waliokaa mbele ya duka walitutania. Mmoja aliniuliza, "Binti, huyu bwana ako kakosa hata punda wa kukupandisha?" Mwingine akasema watu wa mjini Bishkek wakishiba huanza kujitafutia dhiki. Tulicheka, wakatupa mkate na kumisi, maziwa ya farasi yaliyochacha, tukaenda zetu.

Lakini kulala hema moja na mtu na kula naye sufuria moja ni shule, kaka. Argen, mchumba wangu huyu, nilimjua kwenye mikahawa na kwenye harusi za watu, amenyoa vizuri, ananukia. Barabarani nilimwona mwingine. Palipokuwa na chemchemi, yeye alifua soksi zake juu ya pale wanawake wanapojaza ndoo, na sufuria yenye mafuta ya jana akaisugulia humohumo kwa mchanga. Nilipomwambia watu wanakunywa chini pale, alisema maji yanatembea. Alikuwa akijisaidia nyuma ya jiwe lolote na kuacha makaratasi yake yakipepea kama bendera, akisema upepo utayachukua. Upepo uliyachukua kweli, ukayapeleka kwenye uzio wa watu. Mimi niliyaokota kwa mfuko wa nailoni huku natapika, yeye ananicheka na kuniita bibi afya.

Hayo ningeyavumilia; uchafu hufundishika. Kilichokuwa kinanikaa kooni ni vile alivyowafanyia watu. Kila jioni alibisha hodi mahali akiweka uso wa huruma, anasema sisi ni wasafiri maskini, tumechoka. Watu walitandika kitambaa cha chakula, wakaleta siagi waliyoiwekea wageni. Asubuhi, tukishatoka kidogo tu, alisimama na simu yake na kujipiga picha za video, akiwaiga jinsi wanavyoongea, anakunja mdomo kama yule babu asiye na meno aliyetupa godoro lake. Watu wake wa mjini walimwandikia kwamba amewavunja mbavu. Nilimwomba aache. Akaniambia mimi nina ushamba wa kwetu bado haujanitoka.

Sasa nikuambie yaliyotokea hapa Kok-Sai.

Unaujua mteremko unaoshuka kwenye hiki kijiji, ule wenye kona nyingi na changarawe. Argen alipenda kushuka bila breki. Alinitangulia, nikaona vumbi lake tu. Mimi nilishuka polepole, na kwenye kona ya mwisho nikamkuta mama mmoja amepiga magoti barabarani, ameshika kichwa cha kondoo jike. Kondoo alikuwa amevunjika kiuno. Miguu ya mbele ilikuwa inataka kusimama, ya nyuma imelala kama si yake. Mwanakondoo wake alikuwa anamzunguka akitafuta chuchu.

Mama huyo ndiye Uulkan, mke wa Mzee Sagyn. Aliniambia alikuwa ng'ambo ya kilima akiwarudisha kondoo wengine, akasikia kishindo, na alipofika akakuta hivi. Alisema ni malori ya makaa, hayo hayajawahi kusimama hata kwa mtu, sembuse kondoo. Nikamwamini. Nani asingemwamini?

Mumewe ana nyonga mbovu, hatoki nyumbani, na pale barabarani hapakuwa na mwanamume wa kuchinja. Mnyama alikuwa anakata roho. Uulkan aliniuliza kama ninaweza kushika miguu. Nikashika. Akavuta kisu kilichokuwa kiunoni, akataja jina la Mungu, akamaliza, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye damu. Alisema huyu ndiye alikuwa anazaa mapacha kila mwaka, na ndiye aliyekuwa anakuja akiitwa.

Tulimlaza kondoo juu ya keria ya baiskeli yangu, juu ya hema letu, tukaisukuma mpaka kijijini. Mimi nilishika usukani, Uulkan akashika nyuma, mwanakondoo akitufuata analia. Damu ilichuruzika mpaka kwenye viatu vyangu, na nzi walikuwa wengi. Argen tulimkuta mbele ya duka anakunywa soda. Aliitazama keria yangu, akatazama pembeni, kisha akauliza, "Huyo naye kapatwa na nini?" Uulkan akamweleza habari ya lori. Argen akatikisa kichwa, akasema pole sana mama.

Uulkan hakutaka tupite. Alisema nyama haitalala na joto hili, na mimi nimeshika miguu ya kondoo wake, kwa hiyo siwezi kuondoka bila kula. Tukaingia. Nilimsaidia kuosha matumbo kwenye mfereji na kukata tambi, yeye akababua kichwa. Argen alilala kivulini.

Nyama ilipoiva, jua likiwa bado juu, Mzee Sagyn alimkalisha Argen mahali pa heshima, mbali na mlango, akamwekea kichwa cha kondoo. Wewe ungefanya vilevile, ni mgeni. Argen akaniambia nikamletee kisu chake kidogo, kimo kwenye mfuko wa usukani.

Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa nje. Sikuwa nimeisogelea tangu tufike. Nzi walikuwa wamejaa kwenye gurudumu la mbele. Spoki zilikuwa zimepinda, usukani umekaa upande, na kati ya tairi na breki palikuwa na fungu la manyoya meupe yaliyogandiana kwa damu na mavi. Kaka, baiskeli iliyobeba kondoo ni yangu, tena kwa nyuma. Yake haikubeba kitu.

Nilisimama pale nikasikia ndani wanacheka. Nikachukua kisu, nikaingia, nikampa.

Alikata sikio, kama ilivyo desturi, akaninyooshea mimi, mdogo kuliko wote pale. "Kula, mke wangu, upate bahati." Nikalipokea, nikalitia mdomoni. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe, na watu walikuwa wananitazama. Nililitafuna, Taalai. Mpaka leo nikimeza mate nalisikia lile gegedu linavyolia menoni. Nimejichukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia yeye, angalau kwa muda ule.

Yeye akaendelea. Akang'oa jicho la kondoo kwa ncha ya kisu, na unajua jicho hupewa nani, hupewa mtu unayetamani kumwona tena. Akampa Uulkan kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Mama, hao madereva hawana utu. Mtu anagonga mali ya maskini na anakwenda zake. Mimi ningekuwa na uwezo ningewafunga wote."

Uulkan alikuwa amelishika jicho kiganjani, anamshukuru.

Hapo nikasema. Sikupaza sauti. Nilisema tu, "Mama, halikuwa lori. Ni huyu."

Argen alicheka. Akawaambia jua limenipiga, tangu asubuhi sijanywa maji.  Uulkan aliinuka, akatoka, na sote tukasikia viatu vyake vinazunguka nyumba. Aliporudi, kiganja kimoja bado kilikuwa na jicho, na cha pili kilikuwa na lile fungu la manyoya. Akaliweka kwenye kitambaa cha chakula, mbele ya Argen, kando ya mkate. Akakaa.

Argen akabadilika. Akasema kondoo aliruka mwenyewe barabarani. Akasema angeweza kuanguka akavunja shingo, mbona hakuna anayeuliza hilo. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba angesimama tungeshinda pale kutwa nzima tukibishana na washamba, na kwamba mke hamwaibishi mume ugenini. Alisema "washamba" akiwa amekaa juu ya godoro lao.

Mzee Sagyn alimwuliza jambo moja tu: alipoondoka, mnyama alikuwa hai?

"Alikuwa anarusha miguu bado," Argen akajibu.

 Nilidhani Mzee atamfukuza, na mimi nilikuwa nimeshajikunja kuinuka. Badala yake alikisukuma kile kichwa karibu zaidi na Argen, akamwambia, "Basi kula, mgeni. Ni chako. Umalize."

Na alikula, kaka. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilidhani kitamkwama. Nilidhani atainuka, atalia, atakimbia, lolote. Yeye alipumua kama mtu aliyesamehewa, akavuta kichwa, akakwangua shavu, akatoa ulimi, akafyonza mifupa mpaka ikalia. Sisi watatu hatukugusa kitu, tulikaa tunamtazama. Alipomaliza alifuta kisu chake kwa mkate, akainua mikono, akaomba dua nyumba ile ibarikiwe. Kisha akaniambia twende, bado kuna mwanga.

Nikamwambia aende. Alifikiri nimenuna. Alifunga mizigo yake, na kabla ya kupanda alirudi mlangoni, akauliza kama jiko la gesi liko kwangu au kwake. Nikampa. Ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana.

Mimi nimebaki hapa. Mwanakondoo hakubali chupa kwa mtu mwingine, labda kwa sababu nguo zangu bado zina harufu ya mama yake, na Uulkan anacheka anasema nimepata mtoto kabla ya harusi. Hawajaniuliza chochote. Mzee Sagyn amenifundisha kunyoosha keria yangu kwa nyundo, na ananitukana nikiikosea kama vile unavyonitukana wewe.

Sasa, kaka yangu, jambo lililonifanya nikuandikie. Harusi haitakuwepo. Najua Argen ni rafiki yako tangu jeshini, najua ni wewe uliyemleta kwetu, na najua mama ameshashona mablanketi. Nimevua hereni alizonivisha mama yake Argen siku ya posa. Wanyama wao wa mahari warudi wote, asibaki hata mmoja. Nakuomba wewe uwaambie baba na mama, kwa sababu ukiwaambia wewe watasikia, na nikiwaambia mimi watasema nimeacha mume kwa ajili ya kondoo.

Hilo ndilo neno nililoliogopa hata kwa Mama Klara, mama yake Argen. Lakini nilivaa hereni zake, sikutaka azisikie habari kwa mwanawe kwanza. Jana nilipanda kilimani simu inakoshika, nikampigia, nikamweleza yote, hata habari ya sikio.  Nikamwomba radhi, nikasema labda ataniona mjinga, kuvunja uchumba kwa sababu ya mnyama.

Akaniambia, "Hapana, binti yangu. Heri wewe umeyaona kwa kondoo. Mimi ya baba yake niliyaona mwilini mwangu mwenyewe."



Nisalimie wifi, wabusu watoto, na mpapase yule farasi mwekundu kwa niaba yangu. Mwanakondoo akianza kula majani nitapanda baiskeli nije huko kwenu malishoni. Uulkan na Mzee Sagyn wanakusalimu ingawa hawakujui, na wanasema mlango wao uko wazi kwako. Mungu awalinde watu wako na mifugo yako.

Ni mimi mdogo wako,
Nurperi