Wiki Yako ya Kwanza

Shikamoo, Bi Zuhura.

Najua hutaitikia. Lakini ulinikataza nisianze neno lolote bila salamu, mimi mtu wa Singida niliyezoea kwenda moja kwa moja kwenye shida.

Shule imefunguliwa bila wewe. Nimechoka, mwalimu wangu. Nikikaa kitandani kuvua viatu, nabaki na kimoja mkononi, sijui nilikuwa nafanya nini. Darasa la tano limefurika. Watoto waliovuka ziwa kwa boti kutoka Kongo, waliotembea kwa miguu kutoka Burundi, na hawa wetu wa hapa, wote wamebanana, na waliokosa dawati wanakaa sakafuni. Kiti chako ofisini hakuna aliyekikalia bado. Mtu hukivuta, hukumbuka, hukirudisha palepale.

Mwalimu Mkuu mpya si mtu mbaya, usije ukamnunia huko uliko. Ila ameifuta wiki yako. Ile ya mwanzo wa mwaka, ambapo kila mtoto wa la tano hukabidhiwa mtoto wa darasa la kwanza amshike mkono, amwonyeshe choo kilipo, bomba lilipo, pa kuweka fagio na kidumu chake. Hesabu zilisubiri. Walimu wengine walinung'unika na wewe ukacheka: "Huyu mwaka jana alikuwa mtoto. Leo ana mtu anayemtegemea. Mwacheni avimbe kichwa kidogo." Mkuu amesema wiki ya kwanza ni ya masomo. Nikaitikia ndiyo. Bila wewe pembeni mimi si mbishi kama walivyodhani.

Basi nikaanza kama wanavyoanza walimu wote. Mmoja mmoja asimame, ataje jina lake na kwao. Ikafika zamu ya msichana mmoja mrefu, Spesioza, Mrundi, anayekaa Bangwe kwa shangazi yake. Akasimama. Akabaki amesimama. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka. Wenzake wakacheka, na kuanzia hapo hakufungua kinywa tena. Ukimwuliza anatazama miguu yake.

Siku ya tatu Mkuu akaniita. Alisema mtoto asiyejua Kiswahili hawezi kukaa la tano, Ijumaa ikifika hajasema kitu arudishwe la pili. Shangazi yake nilimkuta sokoni Mwanga, anapimia wateja mawese. Hakulia, hakunisihi. Alisema tu, "Mwalimu, huyu ni mukubwa. Ukimukalisha na watoto atakataa. Atabaki hapa na mie, anauza mawese." Akaendelea kupima. Nilirudi nyumbani nimebeba maneno yale, na nakuambia kweli, nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwa kufa Oktoba, ukaniachia Januari.

Alhamisi nilikuwa sina sauti wala chaki. Upande wa pili wa ukuta darasa la kwanza lilikuwa limeshindikana. Unawajua wanavyokuja wale wa kutoka vijijini, Kiha kitupu, Kiswahili hawajakisikia ila redioni. Kabinti kamoja kalikuwa kamejibana chini ya dawati tangu kengele, kanalia mpaka kamepaliwa. Mwalimu wao naye alikuwa karibu kulia. Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliwaambia la tano, haya, inukeni, kila mtu akachukue wake.

Walikwenda mbio, Bi Zuhura, hata wale vijana wakubwa wanaojifanya hawana habari na kitu. Spesioza alitoka mwisho. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya lile dawati, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake. "Hora, mwana. Hora." Nyamaza, mtoto. Kirundi chake na Kiha cha yule mdogo vilikutana vyenyewe, bila mkalimani. Akamtoa, akamfuta kamasi kwa upindo wa sketi, akambeba mgongoni hadi bombani. Njia nzima anamsimulia. Wenzake waliomcheka walimfuata nyuma, maana watoto wao nao walikuwa wanalia na hawakujua wafanye nini. Aliwaonyesha. Kwa mikono, kwa Kirundi, na kwa Kiswahili cha kuokoteza ambacho kumbe alikuwa nacho.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake kwapani. Nilijiandaa kufokewa. Alimtazama Spesioza na wale wadogo, akasema, "Abaki la tano. Ila Kiswahili chake ni juu yako, Mwalimu." Nikasema sawa. Kazi nyingine hiyo, juu ya zile nilizokuwa nazo. Jioni namfundisha barazani kwako, pale ulipokuwa ukichambua mchele. Anakwenda taratibu. Nami nasinzia katikati ya sentensi, ananigusa goti niendelee.

Pale bombani alimtajia yule mdogo jina lake, na kwao. Nilikuwa nyuma yao na kidumu, nikayasikia yote mawili. Sikumtaka ayarudie mbele ya darasa.

Usiku huu namkumbuka yule mimi niliyeshuka kwenye treni na sanduku la bati, simjui mtu Kigoma nzima, Kiha sijui hata salamu. Asubuhi yake ukaniwekea mkononi mtoto wa darasa la kwanza, ukasema nimpeleke bombani. Nilidhani mnanitania kwa ugeni wangu. Nilikwenda naye, akanionyesha bomba lilipo.

Pumzika, Bi Zuhura. Januari ijayo, Mkuu apende asipende, watashikana mikono kabla sijashika chaki. Na atakayefika peke yake kama nilivyofika mimi, awe mtoto awe mwalimu, nitamtafutia mkono.

Mwanao wa Singida.