Shati la Njano

Ijumaa, 22 Novemba 2024

Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Nairobi, kikundi chetu chote cha akina mama wa Kahororo. Basi la kukodi! Wenzangu wanakwenda kuona mbio za farasi. Mimi nakwenda kumwona Najibu akipanda. Tangu Ramadhani mwanangu hapokei simu. Meseji tu: mama mimi mzima, mama niko mazoezini. Nilipomwambia nataka kuja akajibu nisije, ni mbali. Mbali! Nilimbeba miezi tisa, hakuniambia ni mbali. Basi sikumwambia tena, naenda kimyakimya. Nimemkaangia senene, wale panzi wa kwetu anaowapenda, kopo zima.

Safina, mwenyekiti wetu, kapita kuchukua picha ya sebuleni: Najibu juu ya farasi, shati la njano, meno yote nje. Eti tusije tukashindwa kumtambua. Mimi nahitaji picha?

Jumamosi, 23 Novemba

Mutukula, mpakani, foleni ilikuwa ndefu. Mwenzetu Restituta, mzaliwa wa Buganguzi, anatapika tangu Masaka, na bado anachungulia dirishani kusifia migomba ya Waganda. Wanaimba jina la mwanangu. Nimecheka nao. Nimempigia Najibu, hapokei.

Jumapili, 24 Novemba

Tumefika uwanja wa farasi. Watu wa kofia kubwa, nyasi zimekatwa kama zulia. Getini kijana kwenye kiti cha magurudumu anauza karatasi za mbio, kofia imemshuka hadi puani. Restituta akanunua moja. Kijana hakuinua kichwa. Nikawahimiza: twendeni jamani, tutachelewa.

Jina la Najibu halimo kwenye karatasi. Safina kasema wapanda farasi wana majina ya kazini, kama wanamuziki. Mara shati la njano hilo! Vigelegele mpaka Wakenya wakageuka. Likaja la kwanza. Wakaninyanyua juu, mtu mzima mimi. Restituta analia: "Waitu, mwenzetu Mama Najibu, umezaa!"

Si yeye. Nilishaona tangu wanapinda kona. Najibu huinamia kushoto, tangu utotoni, hata kwenye baiskeli. Huyu alikaa katikati kabisa. Ningewaambia nini, na furaha yote ile?

Jumapili hiyohiyo, jioni

Nilikwenda mazizini na kopo langu, peke yangu. Mtunza farasi mmoja akaniuliza mimi nani. Nikamwambia mama yake Najibu. Akavua kofia.

Akasema shati ni la mwenye farasi, si la mpandaji. Akianguka mmoja, anavalishwa mwingine. Na sisi tumelishangilia kama jezi ya mpira! Najibu alianguka Ramadhani. Farasi akamlalia miguu. Nikamuuliza amezikwa wapi. Akashtuka.

"Hajafa, mama. Yuko getini. Anauza karatasi."

Getini! Nilimpita. Mtoto wa watu juu ya farasi nimemtambua kuwa si wangu, na wangu nikampita kama nguzo. Ee Mola wangu. Na yeye aliniona, ndiyo maana ya ile kofia.

Sasa niko hapa getini, nimekaa kwenye jiwe, naandika. Yuko ng'ambo ya barabara, kanipa mgongo. Mabega ya baba yake, marehemu. Kainamia kushoto. Hajui kama namwona. Simu iko mkononi mwake, anaandika, anafuta, anaandika tena.

Basi limewashwa. Wenzangu wamo ndani, bado wanamwimba. Safina ananipungia mkono dirishani.

Simu yangu imelia. Meseji yake.

"Mama, nimesikia mmekuja. Nisamehe, nimelazimika kuondoka na farasi. Umeniona nilivyoshinda?"

Nimeandika ndiyo. Sijaituma. Kopo la senene liko mapajani, halijafunguliwa. Dereva anapiga honi tena, na yeye bado anaitazama simu yake, akingoja jibu langu —