Kushoto Kwangu, Kulia kwa Gari

2 Machi

Mjomba,

Barua hii isome peke yako, uichane, na hata mama usimwambie neno. Nakuomba. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila wa mwili tu.

Gari la ofisi linaunguruma kwenye ekseli ya nyuma. Mwezi jana dereva wetu, Mzee Taratibu, aliniita uani: "Karani, andika. Mlio uko huku," akanyoosha kidole. Nikajaza fomu, gereji wakabadilisha beringi ya gurudumu, nikasaini kwamba gari ni zima. Sikulipanda. Sasa ananiambia, "Bado linakoroma kama baba mkwe aliyeshiba." Tarehe 12 linabeba wapimaji ardhi sita, safari ndefu. Nami bado niko kwenye miezi ya majaribio. Nifanyeje?

Mpwa wako

5 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujahama. Siri yako imefika salama.

Usikisie, sikiliza. Panda na dereva. Mlio ukibadilika akiachia mafuta, shida iko kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Tazameni oili yake. Ukifuata mwendo tu, ni tairi au beringi. Kwenye kona ya kushoto uzito wote huegemea kulia, kwa hiyo mlio ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Kisha pigeni jeki. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, wa pili ushike springi. Beringi iliyokufa utaihisi inasaga kama ina mchanga.

Kwani walibadilisha ya upande gani?

Mjomba wako

8 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Kona ya kushoto, mlio ulipanda. Ya kulia, ukashuka. Gurudumu la kulia linasaga mpaka kiganja kinawasha. Gereji walibadilisha la kushoto, kwa sababu fomu yangu inasema kushoto. Siku ile nilisimama mbele ya gari, nikilitazama usoni. Niliandika kushoto kwangu, Mjomba. Wakatoa beringi nzima.

Mzee Taratibu hajaiona fomu. Anawalaani gereji: "Mafundi hawa viatu wanavaaje?" Nikacheka naye. Nilicheka!

Mpwa wako

10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo uache. Nenda kwa meneja sasa hivi, barua hii ikiwa mkononi. Hilo gurudumu linaweza kung'oka na watu ndani. Gari lisitoke.

Mjomba wako

16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama bado utaniitikia.

Barua yako ilinifikia tarehe 11. Niliisoma mara tatu, nikaikunja. Kesho yake Mzee Taratibu alikataa kuondoka. Meneja akamwonyesha saini yangu. Mzee akawasha gari. Mimi nilikuwa dirishani.

Njiani alisikia harufu ya kuungua, akasimama. Gurudumu lilikuwa linacheza kama jino bovu. Wote wazima. Lakini yeye amesimamishwa kazi, eti kwa uzembe.

Leo saa nne naingia kwa meneja na ile fomu. Nimeandika kila kitu, pamoja na mahali niliposimama.

Ofisini usiniandikie tena, huenda sitakuwapo. Nikitoka huko nakwenda kwa Mzee Taratibu. Ukija, shuka kwenye mashine ya kusaga, uipe barabara kuu mgongo, kisha hesabu milango mitatu mkono wako wa kulia. Ni ule wa bati la bluu. Ikiwa hajanifungulia, utanikuta nje.

Mpwa wako