Chungu cha Nne

Jumatatu, 3 Septemba 1973

Nimechoka. Mgongo huu! Lakini mtambo umesimama — vyungu vitatu kwenye jukwaa la miti, kimoja juu ya kingine, viwili vya juu nimevitoboa chini. Cha juu mchanga, cha kati mkaa, cha chini kinapokea. Maji ya bondeni yameingia kama chai ya maziwa, yakatoka — kioo! Jirani yangu Muharami kauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa injinia Mreno, ng'ambo ya Ruvuma, aliyechuja maji wanamoogelea viboko. Kweli mimi nilikuwa mbeba mawe tu. Lakini macho nilikuwa nayo.

Jumatano, 5 Septemba

Nyumba kumi zote wamekuja na ndoo. Severina, binti wa dada yangu, kauliza: Mjomba, bado tuchemshe? Redio ilisema tuchemshe. Nikamwambia redio haina mtambo! Akacheka, akashukuru. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki, kuni ziko mbali kama maji yenyewe. Kina mama wanapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, wakitua tu wanageuka kutafuta kuni. Nimewapunguzia safari moja. Serikali ingenipa medali.

Ijumaa, 7 Septemba

Ndege za Wareno zimesikika tena upande wa mtoni. Mkaa nimebadilisha mwenyewe, hakuna wa kunisaidia. Mtoto wa Severina anaharisha. Meno hayo.

Jumamosi, 8 Septemba

Si meno. Kasiani hajafikisha mwaka, na macho yameingia ndani. Nesi Justina — mtu wa Bukoba, haogopi mtu — kampa dawa ya kunywa kijiko kijiko. Akamuuliza Severina: maji mnachemsha? Severina kajibu: Mjomba kasema hakuna haja. Mumewe alitaka kuchemsha, Severina akamkatalia: utabishana na mjomba?

Nesi kaja kwangu. Shikamoo yake hakungoja hata niiitikie. Kasema mchanga unakamata taka, mkaa unaondoa harufu na rangi, lakini kidudu ni kidogo mno, kinapita kote kule hadi tumboni. Muharami kadakia: basi kimevuka mpaka bila kukaguliwa! Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nyumba ya pili nako watoto wawili wameanza.

Jumapili, 9 Septemba

Kanisani sikwenda. Asubuhi wamesimama tena na ndoo, wananitazama. Nesi anasema yeye hawamsikilizi, mimi watanisikiliza. Kusema nimekosea — mbele ya Muharami! — sikuweza. Nikasema: Jamani, yule Mreno alikuwa na chungu cha nne! Nilikificha, siri ya kazi. Cha nne ni cha motoni. Maji yatokote, yarukeruke, ndipo mnywe. Bila hicho mtambo ni nusu!

Na cha tano je, Mzee Silvano? — Muharami huyo. Lakini kaondoka na panga kutafuta kuni, nimemwona.

Wote wakaenda. Severina kabaki. Kasiani begani, kimya, hata kulia halii. Kauliza polepole tu: Mjomba, chungu hicho ulikuwa unakijua tangu Jumatatu?

Nikisema ndiyo, nilikificha nikamwacha mwanawe augue. Nikisema hapana —

Nimebandika maji ya Kasiani motoni. Kakaa hapa jikoni kwangu, naandika nisimtazame. Kuni mbichi hizi, moshi mtupu. Maji hayajatokota.