Kifutu Karibu na Kisigino cha Mama

Igoki, dada yangu,

Usicheke mwandiko huu, naandikia juu ya goti. Leo asubuhi nimesimama karibu na kifutu, yule nyoka mnene mwenye madoa, na sikukimbia. Mimi, Muthoni, niliyekuwa napanda meza darasani kwa sababu ya picha ya nyoka kitabuni. Nimekaa hapa mlangoni kwa Mama nikijiuliza ni nani aliyefanya kile kitu.

Siku ile ulipoumwa nilikuwa saluni kule mjini, mtaa wa Dallas, mikono imejaa povu la shampuu. Mama alipiga simu akasema nyoka alikuwa chini ya rundo la ndengu ulilokuwa unainua. Hospitalini nilikukuta mkono umevimba hadi begani. Dawa haikuwepo. Gari la kukupeleka kwingine lilipofika, ulikuwa umeacha kunijibu. Hata sasa nashtuka kama ndiyo kwanza naambiwa. Wewe, Igoki? Wewe uliyekuwa ukifukuza nyoka nyumbani kwa fimbo ndefu, huku ukiniambia nishuke kitandani?

Baada ya mazishi nilifunga saluni nikarudi nyumbani Mbeere kukaa na Mama. Lakini shambani sikuingia. Nilikuwa naishia kwenye ua wa shamba, namtazama akipalilia peke yake. Siku moja nikamwambia tuuze. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Niuze mahali mtoto wangu alifanya kazi?" Akachukua jembe akaenda. Niliona aibu, na bado miguu ilikataa.

Halafu Mama Njeru, yule jirani anayetembelea watu kwa mambo ya afya, akaja kutuona. Alinieleza kwamba kifutu hamfuati mtu. Hulala tu kimya, na huuma anayemkanyaga au kumshika bila kumwona. Tuvae viatu virefu vya gambuti, tugeuze kila rundo kwa fimbo kabla ya kuligusa, na tukimwona tusirukeruke. Nilimuuliza maswali hadi chai ikapoa.

Siku ya kwanza kuingia shambani nilitapika. Siku iliyofuata niliingia tena. Nilikuwa nikigonga chini kwa fimbo kama kipofu, na Mama alijifanya haoni. Polepole nikaanza kusikia ndege, si moyo wangu peke yake.

Leo sasa. Mama alikuwa mbele yangu ameinama, anaokota ndengu zilizomwagika. Nikamwona kifutu amejikunja kwenye majani makavu, nyuma kidogo ya kisigino chake. Mwili wote ulitaka nyumbani. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, usirudi nyuma. Songa mbele, polepole. Endelea."

Alisonga, akasonga tena, mpaka akawa mbali. Yule nyoka alitoa pumzi nzito, ile sauti ya gurudumu linalotolewa upepo. Mimi nikarudi nyuma huku nikimtazama. Alikaa vile kwa muda, kisha akajivuta hadi vichakani. Nilimwangalia hadi mkia ukaisha. Sikuamini ni macho yangu yaliyoweza kumwangalia hivyo.

Mama aliketi chini. Nilifikiri ni hofu, nikaenda kumshika bega. Akasema, "Nilidhani ni Igoki ananiongelesha."

Tulikaa pale kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, Mama alilia hadi akamaliza.

Sijakuwa wewe, dada. Bado naogopa, na pengine nitaogopa hadi nizeeke. Lakini sasa naweza kuogopa na bado nitembee.

Wawira wako amesema akifunga shule hatakanyaga shamba lililomuua mama yake. Sitamlazimisha. Nitaketi naye kwa ua siku zote atakazotaka, na siku atakayosema yuko tayari, nitamshika mkono tuingie pamoja. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Igoki. Kesho tunaendelea kuvuna.

Mdogo wako,
Muthoni